Pairaiti katika miamba ya mashapo karibu na nyufa za ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wachimbaji wadogo, wanafunzi wa jiolojia, mafundi ujenzi na watu waliopasua jiwe wakakuta kitu kinang'aa ndani yake. Majibu yake mengi yanarudi kwenye jambo moja: pairaiti, madini ya njano yanayong'aa kama dhahabu, hubeba kumbukumbu ya mahali ilipozaliwa. Ukitazama umbo lake na sehemu iliyokaa kwenye mwamba, unaweza kujua kama ilitengenezwa na bakteria kwenye tope au ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kupitia ufa.

Nimekuta kitu cha njano kinachong'aa ndani ya jiwe. Ni dhahabu?

Kama kina nyuso bapa na pembe kali, hasa umbo la mchemraba, hiyo ni pairaiti. Kama bado una shaka, chukua kipande cha kigae cha bafuni, ukigeuze upande wa nyuma usiopakwa rangi, kisha usugue punje yako hapo kwa nguvu. Pairaiti huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Jaribio hili halihitaji chochote kingine, nami naliamini kuliko macho ya mtu yeyote.

Kuna majaribio mengine mawili. Ncha ya kisu hukwaruza dhahabu kwa urahisi, lakini huteleza juu ya pairaiti, kwa sababu ugumu wa pairaiti ni 6 hadi 6.5 na wa dhahabu hauzidi 3. Ukiigonga kwa nyundo, dhahabu hulala na kuwa bapa, pairaiti hupasuka ikawa unga na mara nyingi hutoa harufu ya kiberiti. Kama kisu kimeikwaruza na unga wake ni mweusi, huenda una kalkopairaiti, ambayo ina shaba. Na kama inabanduka kwa magamba membamba yanayopepea, huo ni ulanga.

Usijaribu kuichoma ndani ya nyumba. Pairaiti ikiungua hutoa gesi ya salfa inayoumiza mapafu.

Pairaiti imeundwa na nini?

Chuma na salfa: atomu moja ya chuma kwa mbili za salfa. Kwa uzito, chuma ni asilimia 46.6 na salfa asilimia 53.4. Uzito wake ni kama mara 5 ya maji, wakati dhahabu safi ni mara 19.3. Ndiyo maana unapoosha mchanga kwenye karai, pairaiti hubaki chini pamoja na madini mengine mazito, lakini dhahabu hubaki chini zaidi yake.

Inatokeaje ndani ya tope, mahali pasipo na moto wala volkano?

Kazi hiyo hufanywa na bakteria. Tope linapotua chini ya bahari, hufukia majani, magamba na mabaki ya viumbe wadogo. Sentimita chache chini ya uso wa tope oksijeni huisha. Hapo huingia bakteria wanaoishi bila oksijeni, ambao hupumua kwa kutumia salfeti iliyoyeyuka katika maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 2.7 za salfeti, kwa hiyo chakula na pumzi vyote vipo. Taka yao ni gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Aliyewahi kukanyaga tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua harufu hiyo, na anajua jinsi tope lilivyo jeusi mguu unapozama.

Weusi huo ni chuma na salfa vikishikana. Chembe za udongo huja na utando wa kutu, yaani chuma. Gesi ile hukishambulia chuma hicho, kwanza ikitengeneza madini dhaifu meusi yenye atomu moja ya salfa kwa kila moja ya chuma. Baadaye, salfa ikizidi kuongezeka, madini hayo hugeuka pairaiti. Vitu vitatu lazima vikutane: mabaki ya viumbe, salfeti na chuma. Kikipungua kimoja, pairaiti huwa haba. Ndiyo sababu tope la maziwa ya maji baridi kwa kawaida lina pairaiti kidogo kuliko la bahari, na makaa ya mawe yaliyofunikwa na bahari mapema mara nyingi huwa na salfa nyingi kuliko yale yaliyobaki kwenye vinamasi vya bara.

Kama bakteria wanatosha, ufa wa ardhi unahusikaje?

Tuelewane kwanza: hapa ufa ni mahali ambapo mwamba umekatika na upande mmoja ukasogea dhidi ya mwingine. Nyufa ndogo za jua kwenye udongo mkavu hazihusiki.

Ufa hauumbi pairaiti. Kazi yake ni kufungua njia. Pande mbili zinaposagana, mwamba huvunjika ukawa vifusi vyenye nafasi katikati, na maji ya chini sana hupata pa kupandia. Maji hayo huwa ya moto na yenye chumvi, nayo huwa yamekwisha kuyeyusha chuma, risasi, zinki, wakati mwingine shaba, aseniki na dhahabu. Yakipanda hupoa, shinikizo hushuka, au hukutana na maji mengine yenye salfaidi, yaani salfa iliyo tayari kushikana na metali. Hapo madini huganda ukutani mwa ufa na kuwa mshipa. Ufa ukisogea tena, mshipa huvunjika na kuzibwa upya, ndiyo maana baadhi ya mishipa ina vipande vya pairaiti ya zamani vilivyonaswa ndani ya pairaiti mpya.

Kuna kazi ya pili ya ufa ambayo husahaulika. Ufa ukiwa unasogea wakati mashapo bado yanatua, upande mmoja huzama na kuwa bonde refu la chini ya maji. Maji ya chini ya bonde hayazunguki vizuri, oksijeni huisha, na tope jeusi hujaa. Kwa hiyo ufa uleule unaweza kuwapa bakteria makazi leo, na miaka milioni kadhaa baadaye ukapitisha maji ya moto katika tope hilohilo. Si kila ufa hupitisha maji, lakini. Mwingine hujaa unga laini wa udongo uliosagika na kuwa kizuizi, na madini hujikusanya upande mmoja tu.

Kuna mahali jambo hili linaonekana likitendeka leo?

Lipo, tena ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo limelala ndani ya bonde la ufa, na kingo zake ni nyufa zilizo hai. Mwezi Aprili 1987, upande wa Kongo wa bonde la kaskazini, ziligunduliwa chemchemi za maji ya moto chini ya ziwa, katika maeneo ya Pemba na Rasi ya Banza. (Pemba hii ni ya ufukwe wa ziwa, si kisiwa cha Zanzibar.) Mwaka 1991 msafara wa watafiti wa Ufaransa, Zaire ya wakati huo, Ujerumani na Burundi ulirudi na wapiga mbizi kumi, wakafuata chemchemi hizo hadi kina cha mita 46. Zilikuwa zimejipanga kwenye nyufa zinazoelekea kaskazini na kusini. Maji na mashapo yaliyopimwa yalikuwa na joto la nyuzi 53 hadi 103 za Selsiasi.

Pale Pemba walikuta mishipa ya salfaidi yenye unene wa sentimita 1 hadi 10, ikiwa na mistari ya pairaiti na ndugu yake markasaiti ikipokezana. Pale Banza mambo yalikuwa tofauti: kulikuwa na mabomba yaliyosimama ya aragonaiti, madini ya chokaa, marefu kwa madogo hadi sentimita 70. Ziwa moja na ukingo uleule, lakini maji yenye kemia tofauti, na kila chemchemi ikajenga chake. Natamani mfano huu ufundishwe katika kila darasa la jiografia kuanzia Kigoma hadi Uvira, kwa sababu watoto wa huko wanaishi juu ya kiwanda cha madini kinachofanya kazi.

Pairaiti ya mashapo ina maumbo gani?

Iliyo nyingi zaidi huioni kwa macho. Ni framboidi, viduara vya kipenyo cha maikromita 5 hadi 20 kwa kawaida, kila kimoja kikiwa na mamia au maelfu ya fuwele ndogo zinazolingana, kama suke la mtama lililobanwa kuwa duara. Mwamba wa tope unaweza kuonekana mweusi tu mkononi, kumbe chini ya hadubini umejaa framboidi. Ukubwa wao una maana. Katika Bahari Nyeusi leo, ambako maji ya kina hayana oksijeni kabisa, framboidi huanza kukua zikielea ndani ya maji kisha huzama zikiwa bado ndogo, wastani wa maikromita 5 hivi. Zile zinazokua ndani ya tope, chini ya maji yenye oksijeni, huwa kubwa na za saizi mchanganyiko. Wanajiolojia hupima framboidi za miamba ya kale ili kujua bahari ya wakati huo ilikuwa na hewa kiasi gani.

Yanayoonekana kwa macho ni vinundu vya mviringo, vichirizi vinavyofuata tabaka, na mabaki ya viumbe yaliyogeuzwa pairaiti. Karibu na mji wa Rome, jimbo la New York, kuna tabaka jembamba la kipindi cha Ordovishia lenye trilobaiti, wanyama wa kale wa baharini wenye magamba, ambao hata miguu na papasio zao zimehifadhiwa kwa pairaiti. Charles Beecher aliyachimbua mwaka 1893. Mwili wa mnyama ulikuwa chakula cha bakteria, na pairaiti ikaganda mahali pale pale kabla miguu haijaoza.

Huko Sparta, Illinois, miamba ya tope iliyo juu ya makaa ya mawe ina visahani bapa vya pairaiti vyenye miale inayotoka katikati, ambavyo wakusanyaji huviita majua ya pairaiti. Ni bapa kwa sababu fuwele zilikua zikibanwa kati ya matabaka.

Ile michemraba mikubwa iliyonyooka kama imekatwa kwa mashine imetoka wapi?

Mingi mnayoiona kwenye picha ni ya Navajún, mkoa wa La Rioja, Hispania. Mwamba wake ulianza kama mashapo ya kipindi cha Kretasia katika bonde lililofunguliwa na nyufa. Baadaye mashapo yalifukiwa sana na kupashwa joto, salfa na chuma vilivyokuwa vimetawanyika vikajipanga upya taratibu, na michemraba ikakua ndani ya mwamba laini. Hakuna aliyeikata. Ukiitazama kwa karibu, nyuso zake zina mistari myembamba sambamba, na mistari ya uso mmoja huenda mwelekeo tofauti na ya uso wa jirani.

Markasaiti ni nini, na ni lazima niitofautishe?

Kemia yake ni ileile ya pairaiti, ila atomu zimepangwa kwa namna nyingine. Hutokea katika maji yenye asidi, chini ya pH 5 hivi, na joto lisilo kubwa. Rangi yake ni njano hafifu inayokaribia fedha, na fuwele zake hufanana na ncha za mikuki. Ni muhimu kuitofautisha kwa sababu mbili: inakuambia kwamba maji yaliyopita yalikuwa na asidi, na huharibika upesi zaidi ikiwekwa kabatini.

Nitajuaje kama pairaiti yangu ni ya tope au ya ufa?

Anza na mwamba ukiwa bado haujaung'oa. Pairaiti ya tope hufuata matabaka. Kama kuna kinundu, tazama matabaka yanayokizunguka: yakipinda juu na chini yake, kinundu kilikuwepo tangu tope likiwa laini, kabla halijabanwa. Pairaiti ya ufa hukata matabaka. Huonekana kwenye mishipa, huzunguka vipande vya mawe yaliyovunjika, na huongezeka unapousogelea ufa. Tembea ukitoka kwenye ufa, pima kwa hatua, andika pale inapopungua. Daftari lenye vipimo hivyo lina thamani kuliko begi la mawe yasiyojulikana yalikotoka.

Kisha angalia majirani zake. Ikiwa pamoja na kwatzi, kalisaiti, barite (madini mazito ya bariamu), galena (madini ya risasi, ya kijivu na mazito) au salfaidi ya zinki, maji ya moto yamepita hapo. Nyuma ya Kilifi, maeneo ya Vitengeni na Kinangoni, risasi na barite zimefuata nyufa katika miamba ya mashapo ya pwani, na mtu anayetafuta huko anapaswa kutazama nyufa kwanza.

Maabara hupima isotopu za salfa, yaani atomu za salfa zinazotofautiana uzito. Bakteria hupendelea salfa nyepesi, kwa hiyo pairaiti yao kwa kawaida huwa na salfa nyepesi kuliko ya maji ya bahari waliyoitumia.

Sasa nisikufiche: mara nyingine jibu ni yote mawili. Ireland imejaa mifano. Katika mgodi wa Navan, wenye zinki na risasi ndani ya chokaa ya kipindi cha Kaboniferasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya salfa ya mbale ile (mawe yenye madini yanayochimbwa) ilitoka kwa bakteria. Madini ya metali yalipanda na maji ya moto kupitia nyufa. Salfa iliandaliwa na viumbe wasioonekana. Kule Silvermines, Tipperary, katika machimbo ya barite ya Ballynoe, watafiti waliokota vimirija vya pairaiti vyenye tundu katikati na mwaka 1981 wakaeleza kwamba ni mabomba ya chemchemi za moto zilizotiririka kwenye sakafu ya bahari kando ya ufa, kiasi cha miaka milioni 350 iliyopita. Baadaye walipata humo hata mirija ya minyoo iliyogeuka pairaiti. Kwa macho yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo: bomba lenyewe, na mnyama aliyeishi jirani yake.

Pairaiti ni dalili ya dhahabu?

Wakati mwingine ndiyo, lakini pairaiti ya tope peke yake haitoshi. Kinachotafutwa ni pairaiti iliyoletwa au kubadilishwa na maji ya ufa.

Kilima cha Geita ni mfano wa nyumbani. Mwamba wake wa chuma wenye mistari ni mashapo ya kikemia ya zaidi ya miaka bilioni 2.6. Maji yenye salfa na dhahabu yalipopita katika kanda zilizopondwa na msukumo wa ardhi, yalikuta magnetaiti, madini ya sumaku yaliyojaa chuma. Salfa ikashika chuma, magnetaiti ikageuka pairaiti, na dhahabu ikakosa cha kuishikilia ndani ya maji, ikaganda hapo hapo. Mchimbaji akiona mwamba wa chuma umepoteza mvuto wa sumaku na kujaa pairaiti karibu na kanda kama hiyo, apeleke sampuli maabara.

Carlin, Nevada, ambako mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1965, dhahabu haionekani hata kwa hadubini ya kawaida. Imejificha katika ukoko mwembamba wenye aseniki uliozunguka punje za pairaiti, ndani ya miamba ya chokaa na tope iliyokatwa na nyufa. Dhahabu iliyo katika mbale ya namna hiyo zebaki haiipati. Karasha (mashine ya kusaga mawe) linaweza kusaga usiku kucha, dhahabu ikaondoka na marudio, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha kuoshwa. Kwa hiyo mwenye duara (shimo la kuchimbia) ambaye mbale yake imejaa pairaiti na anapata kidogo kuliko kipimo cha maabara, tatizo huenda liko kwenye mbale, wala si wizi wa kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mbale. Azingatie pia kwamba vumbi la mbale hiyo linaweza kuwa na aseniki. Barakoa na kulowesha mawe kabla ya kusaga ni lazima.

Na shaba ya Kongo?

Magharibi mwa Kolwezi, kwenye mbale ya Kamoa, kuna tabaka la mwamba wa tope lililojaa pairaiti lililolala juu ya mwamba wenye shaba. Pairaiti iliyotangulia kwenye mashapo ilisaidia kuinasa shaba: maji yenye chumvi na shaba yalipofika kwenye miamba yenye salfaidi, shaba iliacha kuelea ikaganda, na kwa sehemu ikachukua nafasi ya pairaiti.

Kwa nini maji yanayotoka kwenye mwamba wenye pairaiti ni mekundu na makali?

Pairaiti ikipata hewa na maji huoza, na mazao yake ni kutu na asidi ya salfuriki. Bakteria wengine, wanaokula chuma, huharakisha kazi. Asidi hiyo huyeyusha metali nyingine na kuzipeleka kwenye vijito. Mahali penye chokaa asidi hupoozwa. Mahali pasipo na chokaa huenda mbali. Framboidi huoza upesi kuliko michemraba mikubwa kwa sababu eneo lake la nje ni kubwa mno kwa uzito uleule.

Nitumie kokoto zenye pairaiti kujengea?

Usitumie chini ya sakafu. Dublin na maeneo jirani walilipia somo hili. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya mwanzo ya 2000 ziliwekewa kifusi cha mwamba wa tope wenye pairaiti chini ya sakafu. Pairaiti ikaoza, asidi ikakutana na chokaa iliyomo kwenye kifusi, ikatengenezwa jasi, na jasi inachukua nafasi kubwa zaidi. Sakafu zikainuka, kuta zikapasuka, milango ikagoma kufunga. Mwaka 2013 bunge la Ireland likatunga sheria ya kushughulikia nyumba hizo. Jiwe la tope, jeusi, linalobanduka kwa matabaka na lenye vitone vya njano lipimwe kwanza salfa, hata kama ni la bei nafuu na liko karibu.

Inauzwa?

Fuwele nzuri huuzwa kwa wakusanyaji. Punje zilizotawanyika kwenye jiwe hazina soko.

Nitunzeje sampuli zangu?

Zikaushe vizuri kabla ya kuzifunga, na usizioshe kwa maji kila mara. Ziweke mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50; kwenye miji ya pwani hilo linataka chombo cha plastiki kinachofunga kabisa chenye vifuko vya kukaushia ndani. Kila sampuli iwe na chombo chake na karatasi yenye jina la mahali, tarehe, umbali kutoka kwenye ufa na mshale unaoonyesha upande uliokuwa juu. Ukiona unga mweupe au wa kijivu, au ukinusa harufu kali, itenge siku hiyohiyo, futa unga kwa brashi kavu, na ubadilishe karatasi yake ya maelezo, kwa kuwa asidi hula karatasi kabla haijamaliza jiwe.